Daftari la Ndiva

Mimi ni mtu wa kwanza kutoka mgongo wetu wa mlima kupata diploma ya kompyuta, na hakuna aliyenisomesha. Nasema hivyo bila haya. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, akatuachia shamba ambalo mbuzi wawili wangelimaliza kwa asubuhi moja. Nilishuka Same nikauza vifuniko vya simu stendi, nikaenda Dar es Salaam, nikajifunza kutengeneza simu kwa kuziharibu kwanza, na chuo nikajilipia mwenyewe, muhula mmoja ndani, muhula mmoja nje natafuta ada. Baadaye niliajiriwa kwenye chumba cha seva cha kampuni moja kubwa, chumba chenye baridi kushinda kilele cha Shengena alfajiri, na wakubwa wenye shahada mbili mbili walikuwa wakiniita mezani kwao mambo yanapowashinda. Niliporudi nyumbani sikurudi mikono mitupu kama wengine. Nilifungua ofisi Same mjini, yenye kioo mbele na kiti cha kuzunguka.

Kuhusu ndiva yetu watu wanasema mengi. Wapo wanaosema ni virusi, wapo wanaosema ni uchawi wa mtandaoni. Mimi najua kilichotokea, kwa kuwa mlango ulioingiliwa niliufungua mwenyewe.

Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilichimba kwenye mteremko. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi kizibo kinang'olewa, maji yanashuka mferejini kwenda mashambani. Kila familia ina siku yake. Wakati wa kiangazi, zamu hiyo ndiyo mali. Mtu anaweza kuwa na shamba zuri la tangawizi, lakini kama hana zamu ana udongo tu. Na zamu haidumu bure. Mara kadhaa kwa mwaka unapigwa msaragambo, watu wote wanatoka na majembe kwenda kuzoa matope bwawani na kusafisha mfereji, na asiyetokea bila sababu anaanza kuhesabiwa kwamba zamu hana haja nayo. Kwa hiyo lazima kuwe na daftari: nani ana siku gani, nani alikuja, nani aliamuliwa nini na kamati.

Daftari letu lilikuwa kaunta buku nane, kubwa, zilizovimba kwa unyevu, zikikaa kwenye sanduku la bati nyumbani kwa katibu. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilipoziona kaunta buku zile mara ya kwanza baada ya kurudi, panya walikuwa wamekwisha kula kona ya mbili. Nilisimama kwenye mkutano wa kamati nikawaambia kwamba ninakotoka watu hawaandiki maji kwenye karatasi inayoogopa maji. Walicheka. Nilipenda walivyocheka.

Mashine niliitoa mimi. Ilikuwa kompyuta ya mezani niliyoipata kwenye ofisi moja mjini iliyokuwa inabadilisha vifaa, nzito, imara, ya zile zilizotengenezwa kabla watu hawajaanza kutengeneza vitu vya kuvunjika. Programu ya daftari niliiandika mwenyewe, usinitafutie mwingine. Ilichukua miezi mitatu. Kisha katibu akawa ananisomea kurasa, mimi nachapa: majina, siku, msaragambo, maamuzi. Tulimaliza kaunta buku zote nane. Nikaiweka mashine kwenye chumba kidogo pembeni ya ghala la kijiji, nikaifungia umeme na modemu, nikawaambia: hii sasa ni seva. Mwenyekiti alizunguka akaitazama nyuma na mbele kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Na neno la siri?" akauliza.

"Nitalijua mimi na mwalimu."

Wajumbe wakatazamana. Kwetu kizibo cha ndiva hakina mwenyewe. Kila mjumbe wa kamati anajua kinavyong'olewa na kinakowekwa, na atakayekificha hata siku moja anatozwa mbuzi, awe nani. Babu zetu waliogopa mtu mmoja kushika maji kuliko walivyoogopa ukame.

"Yaani wewe ukigombana na mwalimu," mwenyekiti akasema, "sisi tulale na kiu?"

"Mzee, shikamoo, lakini hiki si kizibo."

"Marahaba. Shikamoo haifungui ndiva. Hicho ni kizibo. Tupe wote."

Niliwaeleza. Niliwaambia kwamba neno la siri likijulikana na watu saba halina siri tena. Wakaniuliza kama huko Dar nilijifunza kutoaminiana. Mjumbe mmoja akasema labda mtaalamu anataka kuwa mfalme wa maji, na kicheko kilichofuata sikukipenda. Nikakubali. Neno likawa jina la ndiva yenyewe na tarakimu moja mbele, ili wazee walikumbuke. Baada ya mwezi mmoja hata wauza ndizi walikuwa wanalijua.

Halafu wakaja wenzetu wanaoishi Dar. Hao hutuma mtu wa kuwawakilisha kwenye msaragambo, na kila mwaka kuna ugomvi kama mtu huyo alikwenda kweli au alikunywa pombe ya dengelua akarudi. Wakataka waone daftari kwa macho yao, huko huko waliko. Niliona hiyo ndiyo nafasi ya kuwaonyesha mimi ni nani. Nikafungua njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kutoka popote, kwa neno lile lile. Jumapili moja baada ya ibada mtu wetu alipiga simu kutoka Dar akasema anaona jina la baba yake kwenye skrini. Watu waliokuwa nje ya kanisa walipokezana simu ili wamsikie akisema hivyo. Mchungaji alinishika bega. Siwezi kudanganya, siku ile nilijiona nimelipwa miaka yote ya stendi.

Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza. Mfumo uliokuwa unaiendesha mashine ile ulikuwa wa zamani. Waliouunda walikuwa wamekwisha kuacha kuutengenezea viraka. Programu kama hizo ni kama paa la bati: kila mwaka kunaonekana tundu jipya, mwenye nyumba anapanda kuziba. Mwenye nyumba akihama, matundu hayaachi kutokea, ila hakuna anayepanda. Nilikuwa nimewafundisha vijana wa kozi fupi mambo hayo kwa maneno hayo hayo, ubaoni, kwa mwandiko mzuri. Lakini programu yangu ya daftari niliiandika kwa ajili ya mfumo ule wa zamani. Nilipojaribu kuihamishia mfumo mpya ilikataa, nikaona ni kazi ya wiki mbili au tatu. Nikasema baada ya vuli. Nikasema baada ya masika.

Katibu aliniona nina kazi nyingi mjini, hakunisumbua. Mara moja tu alinipigia.

"Mtaalamu, mashine inasema haina ulinzi."

"Kuna alama ya msalaba pale kwenye kona, mwalimu. Bonyeza hiyo."

"Nibonyeze tu?"

"Bonyeza tu, itaondoka."

Alibonyeza. Alikuwa anafuata maelekezo kama alivyotufundisha sisi kuyafuata. Asubuhi zote alizoiwasha ile skrini, mwaka mzima na zaidi, ilimwambia kwamba haina ulinzi, na yeye akabonyeza msalaba akaendelea na kazi.

Nimtaje mama yangu mdogo hapa, maana jambo lote hili ni lake. Ni mdogo wake mama, mjane, ana shamba la tangawizi na maharage chini kidogo ya ndiva, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Zamu hiyo ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, shemeji yake alisema Alhamisi inarudi kwa ukoo, kwake, yeye ndiye mwanamume aliyebaki. Si mtu mbaya. Ana watoto sita na shamba lililo juu ya miamba, na kwa mila aliyoikuta hakuwa anadai kitu cha ajabu. Kamati ya wakati ule, wazee watatu, ilikaa ndani na pande zote mbili ikaamua kwamba mama mdogo hajakosa msaragambo hata mmoja tangu aolewe, hata akiwa na mimba, kwa hiyo Alhamisi ni yake moja kwa moja, si ya kuazimwa. Uamuzi ukaandikwa kwenye kaunta buku ya saba, mistari minne, na wale watatu wakatia sahihi. Mistari hiyo niliichapa mimi. Nakumbuka nilimwambia katibu asome polepole, nikahakikisha neno "moja kwa moja" halikosekani.

Na tulipomaliza kuchapa, katibu akauliza kaunta buku zirudi kwenye sanduku au vipi. Nikasema za nini tena, mwalimu? Zinakuletea panya. Nikazibeba mwenyewe, mikononi, nikampelekea mwanamke anayekaanga maandazi njia panda azifungie maandazi yake, nikijisikia mkarimu.

Ilikuwa Jumatatu, kiangazi kimeanza kukaza. Nilikuwa ofisini mjini namwekea mteja mmoja printa, katibu akapiga simu.

"Njoo," akasema. "Imeandika Kiingereza nisichokipenda."

Nilipanda bodaboda. Njia ile ya mlimani huwa naiona fupi, siku ile kona zilikuwa haziishi. Nilikuta kamati imejaa chumbani na wengine dirishani. Skrini ilikuwa nyekundu. Maneno yalisema faili zote zimefungwa, na ufunguo wanao wao, na katika pembe kulikuwa na saa inayorudi nyuma. Walitaka walipwe kwa sarafu ya mtandaoni, kiasi ambacho kijiji kizima kikiuza tangawizi ya misimu miwili hakifikii. Nikajaribu kufungua daftari. Kila faili ilikuwa na mkia wa herufi ambao sikuuweka mimi, na ndani yake hamna neno, ni takataka tu.

"Waambie sisi ni wakulima," mwenyekiti akasema.

"Hawasikilizi, mzee."

"Umewapigia?"

"Hawana namba."

"Mtu gani anakuja kuiba hana namba?" Kisha akaniangalia vizuri. "Mtaalamu, mbona unatoka jasho?"

Nilitoka nje nikampigia rafiki yangu niliyefanya naye kazi kwenye chumba cha seva. Nilimweleza kwa haraka. Hakunikatiza. Halafu akauliza kama njia ya kuingia kutoka mbali ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Nikasema ndiyo. Akauliza mfumo. Nikamtajia.

"Kaka, huo?"

"Huo huo."

"Hawakukuchagua wewe, ujue. Mashine zao zinazunguka dunia nzima zinajaribu kila kitasa. Chako kilifunguka." Akashusha pumzi. "Nakala unayo lakini."

"Ninayo. Kila siku inajinakili yenyewe."

"Iko wapi?"

"Kwenye diski ya nje."

"Imechomekwa?"

Nilichungulia ndani kupitia mlangoni.

"Imechomekwa hapo hapo kwenye mashine?"

"Imechomekwa."

"Pole, kaka," akasema, na nilisikia kwamba mazungumzo yameisha kabla hajakata.

Nilirudi ndani kuitazama ile diski ikiwaka taa yake ya kijani. Ilikuwa imefungwa pamoja na mama yake. Nilikuwa naijua kanuni: nakala isilale chumba kimoja na asili. Niliwahi kuiweka kwenye mtihani.

Wiki ile nilifanya kila nilichokijua. Nilitafuta kama kuna watu wema waliokwisha kuvunja kufuli la aina ile. La aina ile lilikuwa halijavunjwa. Nilisoma kumbukumbu za mashine nikaona kwamba walioingia walikuwa wamekwisha kukaa ndani siku nyingi, wakizunguka, wakisubiri, huku katibu akifungua kila asubuhi na kubonyeza msalaba wake. Niliwapigia wenzetu wa Dar, mmoja mmoja, kuuliza kama kuna aliyehifadhi chochote. Walikuwa wanatazama tu mistari ya nyumbani kwao na kufunga. Saa ile ilipofika sifuri, hakuna kilichotokea chumbani. Mbuzi walikuwa wanapita nje. Skrini ikabadilika rangi, basi.

Nikaenda kwa mwanamke wa maandazi.

"Shikamoo, mama. Zile kaunta buku nilizokuletea."

"Marahaba, mwanangu. Zile nzuri zile! Karatasi yake hainyonyi mafuta upesi." Alikuwa anageuza maandazi. "Umeniletea nyingine?"

"Nazitafuta zile."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Mwanangu, zile watu wamekunywa nazo chai. Mwaka wa ngapi huu?" Akanyanyua beseni, akapekua chini ya unga, akatoa karatasi tatu zilizobaki. Zilikuwa za kaunta buku ya pili, enzi ambazo mimi sijazaliwa, orodha ya watu waliobeba mawe. Nilizichukua hata hivyo. Akanifungia maandazi mawili kwenye gazeti, akakataa malipo. Alidhani nina msiba.

Kati ya wazee watatu waliotia sahihi uamuzi ule, wawili wako makaburini. Wa tatu alihamia kwa binti yake huko Bendera, tambarare. Nilifunga ofisi nikamfuata. Joto la kule lilinikuta na shati la mikono mirefu. Alikuwa amekaa barazani, safi, ameogeshwa, mikono juu ya magoti. Binti yake aliniambia niongee taratibu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa, nikapata moyo. Nikamuuliza kuhusu Alhamisi. Nikamtajia jina la marehemu mume wa mama mdogo, na kamati, na mistari minne.

"Ndiva imejaa?" akauliza.

"Imejaa, mzee."

"Basi fungueni."

Nikauliza tena. Akasema tena tufungue. Binti yake akaniletea maji ya kunywa, akasema hata yeye kuna siku anamwita kwa jina la shangazi. Nilipoondoka mzee alikuwa bado anasema tusichelewe kufungua, jua litapanda.

Njiani kurudi nilipitia Same, na wiki zilizofuata nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Niliingia kwenye kila kaunta yenye kompyuta niliyoifahamu, nikaangalia skrini. Ile rangi ya mfumo wa zamani naijua hata kwa mbali. Niliiona mahali pengi kuliko nilivyotaka, penye majina ya watu, magonjwa ya watu, viwanja vya watu. Nilizungumza kwa heshima. Nilieleza kilichotukuta. Wananisikiliza, wananipa kiti, kisha wanasema, "Lakini hii inafanya kazi." Ndiyo, inafanya kazi. Yetu ilifanya kazi mpaka Jumapili jioni. Mmoja akaniambia, bila ubaya, kwamba mtu ambaye seva yake imeibiwa hana sifa ya kuuza kufuli. Tangu siku hiyo nimeacha kuzunguka. Nazikuta mashine zile nikienda kwa shida zangu mwenyewe, nachukua risiti yangu, natoka.

Kamati iliitisha mkutano wa kuandika daftari upya. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila familia isimame, itaje siku yake, na kama hakuna anayepinga iandikwe. Jumatatu zilipita, Jumanne zilipita kwa utani, mtu akadai Jumatano mbili akazomewa hadi akakaa. Ilipofika Alhamisi mama mdogo akasimama, na shemeji yake akasimama.

"Alhamisi ni ya ukoo wetu," akasema. "Kaka alipofariki nilimwazima shemeji mpaka watoto wake wamalize shule. Wamemaliza. Sina ugomvi naye."

"Hukuniazima," mama mdogo akasema. "Iliamuliwa. Mlikaa, nilikuwepo, uliitikia mwenyewe. Ikaandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Watu wote waligeuka kunitazama mimi. Mama mdogo hakugeuka.

Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyemwona akitumia maji ya Alhamisi. Karibu wote walinyoosha mikono. Akauliza kama kuna anayejua alikuwa anayatumia kwa kuazimwa au kwa haki. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Maji yakipita shambani kwa mtu hayasemi ni ya nani. Katibu akasema kwa sauti ndogo kwamba anakumbuka kulikuwa na uamuzi fulani wa Alhamisi, lakini alisoma kurasa nyingi sana siku zile, na hawezi kula kiapo juu ya maneno yake. Ni mwalimu. Asichokijua hasemi anakijua.

Nikasimama. "Nakijua mimi. Nilichapa kwa mikono hii. Iliandikwa 'moja kwa moja'."

"Wewe ni mtoto wa dada yake," shemeji akasema.

"Hata kama. Nakumbuka neno kwa neno."

"Na mashine ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu."

"Na wewe ndiye uliyetuambia," akasema, polepole, hata kwa huruma, "kwamba kichwa cha mtu si mahali pa kuweka maji. Ulisimama hapo hapo. Ulisema kichwa kinasahau na kichwa kinapendelea ndugu. Tukakuamini tukatoa vitabu. Leo unataka tuandike kutoka kichwani kwako?"

Nilikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimesema vizuri sana, kwa mifano. Mimi ambaye wakubwa wa Dar walikuwa wananiita mezani kwao, nikakaa.

Mwenyekiti alishauriana na wajumbe pembeni. Hawakuchukua muda. Akasema kwamba pasipo maandishi kamati inarudi kwenye mila, na mila inasema zamu ya marehemu inakwenda kwa ndugu yake mwanamume. Akasema pia kwamba litakaloandikwa leo halitafunguliwa tena, kwa sababu wakianza kufungua moja watafungua yote na kiangazi hakisubiri. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akakaa, akafunga khanga yake vizuri.

Mwandishi nilikuwa mimi. Katibu macho yamepungua, na mwandiko wangu unajulikana. Walinipa kaunta buku mpya, na kwenye mstari wa Alhamisi nikaandika jina la shemeji yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

Tuliporudi nyumbani kwake alinipikia makande kama kawaida. Nilitaka anitukane. Nilisema nimekosa, nikaeleza tena mlango, mfumo, diski, nikaona ninavyozidi kueleza ndivyo mambo yanavyozidi kuwa yangu na kupungua kuwa yake.

"Huyo aliyechukua," akaniuliza. "Yuko wapi?"

"Hajulikani. Mbali. Labda hata si mtu mmoja."

"Alhamisi yangu ataifanyia nini?"

"Hajui kama ni Alhamisi, mama. Hawezi hata kuisoma."

Akanipakulia tena.

Tangawizi yake iliungua kuanzia majani ya pembeni, kama kawaida ya tangawizi, na ilipofika katikati aling'oa mizizi midogo iliyokuwapo akaiuza kwa bei ya takataka. Nilimpa tangi la plastiki la kukingia mvua. Mvua hazikuja za kutosha kujaza ndoo. Binti yake wa Ndungu alimwita akae naye, kule kuna mpunga na kuna maji ya skimu ya umwagiliaji, akaenda wiki mbili akarudi. Alisema nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe.

Mwezi uliopita ulipigwa msaragambo. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa ndiva na kaunta buku magotini, naandika waliofika, nikamwona anapanda na jembe lake, soksi ndani ya kandambili, mbele ya wanawake wenzake. Asiye na zamu halazimiki kuja. Hakuna anayemtarajia. Nilimwambia hivyo aliponifikia, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mama mdogo, rudi nyumbani. Huna siku hapa."

"Nisipokuja mwaka huu," akasema, "mwakani nitadai nini?"

Sikumwambia kwamba mwakani hakuna kudai. Mwenyekiti aliposema hivyo naye alikuwepo, alisikia kama mimi. Aliteremka bwawani, matope yakamfika kwenye goti, akaanza kujaza karai. Shemeji yake alikuwa karibu naye, akampokea karai la kwanza akalipandisha juu, naye akainama kujaza la pili. Niliandika jina la mama mdogo kwenye orodha ya waliofika. Upande wa kulia wa ukurasa, penye safu ya zamu, nilichora kistari, nikaendelea na anayefuata.